Ewaa ya Bi Bunrye

Bi Ok Bunrye hajawahi kuimba hata ubeti mmoja mbele za watu, lakini hapa mjini kwetu Namwon wakitajwa waimbaji wa visa vya kale, jina lake halikosi. Kazi yake ni kuuza supu ya samaki wa matope, nyuma ya soko. Kipaji chake ni kuitikia.

Nyimbo zetu hizi, wapenzi wasikilizaji, ni mwimbaji mmoja na upepeo wake, mpiga ngoma pembeni, na kisa kirefu. Mwimbaji anapovuta pumzi, msikilizaji humtia nguvu: ewaa, hapo hapo, waambie. Ikiwahi, ewaa humkata maneno. Ikichelewa, ni sawa na kumpa mtu mkono ameshaanguka. Bunrye hakuwa anakosea. Yang Sukhyang, mwimbaji wetu mkubwa na shoga yake tangu usichana, alikuwa akisema bila kuficha, "Dada asipokuja siimbi. Nitakuwa nabweka tu."

Kisha ukajengwa ukumbi wa maonyesho kwa wageni kando ya mto. Taa za rangi, magitaa ya umeme, vijana wanaopinduka hewani, halafu katikati yao Sukhyang na kisa chake. Kabla haujafunguliwa, Sukhyang aliingia jikoni kwa Bunrye, akadokoa kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, kwa vidole.

"Dada, kesho njoo mazoezini uniitikie."

"Kwani mazoezi nayo yanataka watu, mdogo wangu?"

"Mimi nakutaka wewe. Au siku hizi mpaka nikubebe mgongoni?"

Bunrye akafunga duka, akaenda. Mbele ya kiti chake kilisimama kipaza sauti.

"Hiki cha nini?" akauliza.

"Cha kupimia ukumbi, mama," fundi akamjibu.

Sukhyang alikuwa jukwaani, karibu kabisa. Akainama kunyoosha upindo wa gauni.

Alasiri ya ufunguzi nilikaa karibu na Bunrye, mimi jirani yake wa miaka yote. Alivaa hariri aliyoiweka kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Upande wake wa pili alikaa mke wa mgeni mmoja, mwanamke mchangamfu aliyepigia makofi kila kitu, hata mapazia. Sukhyang akaanza. Akafika pumziko la kwanza, na Bunrye akajaza kifua.

"Ewaa," ikasikika kutoka darini.

Ilikuwa sauti ya Bunrye mwenyewe, na ule mkwaruzo wake wa mvuke wa supu. Wageni wakatazama juu, wakacheka kwa furaha. Yule mke wa mgeni akajaribu kuiga.

Bunrye alinishika mkono. "Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Mimi sijafungua mdomo."

Pumziko la pili akaitikia mwenyewe. Bunrye wawili wakagongana. Meneja akaja ameinama kati ya viti.

"Mama, samahani. Sauti ipo tayari. Ukiongeza, inaharibu."

"Hiyo iliyopo ni ya nani?"

"Ni ya onyesho, mama."

Bunrye akaweka mikono mapajani.

Tukafika penye kilio. Sukhyang alikuwa na mafua, akavuta pumzi ndefu kuliko siku ya mazoezi. Mashine iliyonasa sauti mazoezini haijui mafua. Ewaa ikaangukia katikati ya neno, likakatika. Sukhyang akabaki na upepeo nusu wazi, macho yakashuka hadi kwenye kiti chetu. Nilikuwa naujua mtazamo ule. Mara ngapi nimemwona Bunrye akiuokoa kwa neno moja.

Bunrye akamtazama vilevile. Hakusema kitu. Mpiga ngoma ndiye aliyepiga, akapiga tena, hadi Sukhyang akaokota wimbo. Wageni walidhani ndivyo kisa kinavyotakiwa, wakashangilia.

Asubuhi yake Sukhyang akaja dukani, nami nipo na bakuli langu.

"Dada, walisema wageni hawajui kuitikia, ukumbi utapoa. Na wewe huwezi kuja kila siku. Nikaona bora sauti yako kuliko ya mtu baki."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Kwa hiyo ilikupasa kuniambia."

Sukhyang akachezea kijiko. "Jana nilikutazama."

"Nilikuona."

"Ukanyamaza, dada."

"Sauti yangu unayo. Iko darini. Mwombe meneja wako." Akamwekea bakuli, akafuta meza kama anavyomfutia mpita njia. "Supu yako hiyo, Bibi Yang."

Tangu usichana wao hakuwahi kumwita Bibi Yang. Sukhyang alikula hadi mwisho, maskini, kwa sababu kuacha kungekuwa kubaya zaidi.

Onyesho linaendelea, na wageni hulipenda. Wengine wakitoka huko huja kula kwa Bunrye. Wakionja supu hutazamana na kuitikia, "Ewaa," na mkwaruzo wa Bunrye humo humo, sawasawa kama walivyousikia. Bunrye huwauliza tu kama waongezewe pilipili.