Kiingilio cha Mwalimu Swaumu

Sikufichi, mimi ni mtu wa hasira. Ndimi mwalimu mkuu wa shule yetu hapa Kariakoo, huu mwaka wa sita, na nilikuwa nimeshaamua: Mwalimu Swaumu atoke darasa la nne, nimpe Elibariki, kijana mpya anayekaririsha kitabu mpaka watoto wanakiota.

Kosa la Swaumu? Mtihani wa majaribio uliuliza, "Mweupe kama nini?" Kitabu kinasema theluji. Watoto wake kumi na mmoja wakaandika mambo yao. Mmoja kaandika "kanzu ya babu siku ya Ijumaa." Msahihishaji akawakata wote.

"Mwalimu, hata kanzu?" nilimfokea.

"Kanzu wanaifua. Theluji wewe umeiona wapi?"

Sijaiona. Lakini hayo si ya kumwambia mwalimu mkuu!

Huyu mama hatishiki. Kazaliwa Magomeni, mama yake akiuza viatu vya mitumba Mchikichini, na yeye tangu ana miaka saba ndiye aliyekuwa akiita wateja. Anasema pale ndipo alipojua kwamba ukisema "kiatu kizuri" hageuki mtu. Ualimu kaanza miaka ishirini na mitatu iliyopita, na mpaka leo mtoto haingii darasani kwake bila kulipa kiingilio: mfano mmoja aliouona njiani, wake mwenyewe. Ukileta wa kitabuni unarudi mwisho wa foleni. Nimemsikia Fikirini, ambaye baba yake ana duka la vitenge: "Mlango wa duka letu unalia kama bibi akinyanyuka." Swaumu akauliza, "Kwa nini?" "Magoti, mwalimu." "Haya, pita."

Basi akaja Bi Caroline, mthibiti ubora wa shule. Nisiwe mwongo, nilifurahi. Nikamweleza yote njiani: ajionee mwenyewe, maana keshokutwa namhamisha Swaumu.

Tukakaa mbele. Swaumu alijua fika tumekuja kwa ajili ya nini, lakini hakubadilisha kitu. Akapitia tashbihi, akahamia kwenye sitiari. "Sasa neno 'kama' tunaliacha nje," akasema. "Hiki si kama kile. Hiki ni kile." Bi Caroline akaomba awapime watoto. Akaangaza macho, mara akaninyooshea kalamu mimi.

"Nipeni sitiari ya mwalimu wenu mkuu."

Loo! Akasimama Sitara, binti wa machinga mmoja anayepanga bidhaa barabarani Mtaa wa Kongo.

"Mwalimu mkuu ni gari la mgambo."

Gari lile la kuwafukuza machinga barabarani! Nikamkazia macho Swaumu amnyamazishe mtoto. Wapi! Akauliza vile vile anavyouliza mlangoni, "Kwa nini?"

"Kwa sababu likipita, hata mwenye kibali anakusanya vitu vyake."

Iliniuma. Wallahi iliniuma, kwa sababu miaka yote sita nimewaona watoto wakifunika madaftari nikipita dirishani, hata madaftari yaliyojaa alama za vema tupu, na mimi nikajidai ni heshima. Na nikajua pale pale kwamba Elibariki na kitabu chake asingeweza kumfundisha mtoto wa miaka kumi kuliona jambo hilo, wala kulisema mbele yangu amesimama wima.

Bi Caroline aliacha kuandika. Wote wananitazama mimi. Nikamgeukia mtoto.

"Sitara, mwanangu. Sasa huyo mgambo akitaka watu wasikimbie, afanyeje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ashuke kwenye gari, mwalimu. Anunue kitu."

Nikainuka kwenye kiti cha mbele, nikaenda mpaka dawati la nyuma kabisa, nikamwomba Fikirini asogee.

"Mwalimu Swaumu, darasa hili hutoki," nikasema. "Endelea, nasikiliza."