Nyumba Iliyovaa Kaniki

Mtu wa kwanza kupaka nyumba rangi ya samawati katika mteremko wetu wote wa Mgeta ni mimi. Nalisema hili mapema ili asije mwingine akalidai. Enzi hizo za Mjerumani nyumba za huku juu zilikuwa za mviringo, nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na moshi ulijitafutia wenyewe pa kutokea. Rangi yake ilikuwa rangi ya moshi huohuo. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka pwani na shahada ya ufundi wa ujenzi, karatasi nene yenye mhuri wa tai, na hakuna aliyenipa nauli wala masurufu. Nilishuka mlimani nikiwa mchukuzi wa mizigo, nikaupanda nikiwa fundi. Anayemjua aliyefanya hivyo kabla yangu amtaje.

Nyumba yenyewe nilimjengea mama. Moshi wa maisha yake yote ulikuwa umemkaa kifuani, na kila kipupwe kikohozi kilimlaza kitandani, kila mwaka kwa muda mrefu zaidi ya mwaka uliotangulia. Nilitaka aingie katika nyumba yenye kuta nne, dirisha, na jiko lenye tundu la kutolea moshi, kabla baridi haijaanza. Hilo tu ndilo nililolitaka, na sijawahi kutaka kitu kingine kwa nguvu kama ile, hata shahada.

Kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa mjomba. Alinipa kiwanja bila maneno mengi. Kuta ziliposimama alizisifu, akazigonga kwa fimbo yake akaridhika. Dirisha aliliita tundu la wezi.

Likabaki suala la rangi. Udongo mwekundu tunao, mweupe tunao, wa manjano unachimbwa kando ya mto. Lakini kila mtu angeweza kupaka udongo. Mimi nilikuwa na rangi yangu tangu siku niliyorudi kwa treni. Baada ya Mikese niliinua macho nikauona mlima wetu kwa mbali, asubuhi, samawati nyepesi kama maji ya nili yaliyosuuziwa nguo nyeupe. Nilishangaa. Nimezaliwa juu yake, nimelima juu yake, na sikuwa nimejua kwamba una rangi ile. Anayekaa mlimani hauoni mlima; auonaye ni aliyeondoka akarudi.

Nikanunua nili Morogoro mjini, katika duka la Mhindi, na chokaa iliyoletwa kwa reli. Nilichanganya mara kadhaa nikipaka juu ya vipande vya mbao na kuvianika juani. Kimoja kilikuwa kikali kama nguo ya sikukuu, kingine kimefifia kama macho ya mzee. Hatimaye nikakipata kibao chenye rangi yenyewe, nikakifunga kitambaani, nikampandishia mama.

Alikigeuzageuza. "Hii ni rangi ya nini, baba?"

"Ya mlima wetu, mama."

"Mlima upi? Mlima huu ni kijani, ukilimwa mwekundu."

"Ukiutazama kwa mbali."

"Kwa hiyo unanijengea nyumba ya watu walio mbali." Akakipitisha kibao shavuni kuona kama kinachafua. Hakikuchafua. Akacheka. "Ni kizuri. Kama yai la ndege."

Akakitia katika pindo la nguo yake, wala hakunirudishia. Nilijua nimeshinda.

Mjomba akataja siku ya kuhamisha moto. Kwetu nyumba haiwi nyumba mpaka mwenyewe achukue moto wa jiko lake la zamani ndani ya kigae, atembee nao bila kuuweka chini, auwashe katika jiko jipya. Kabla ya hapo hakuna moto mwingine unaoruhusiwa kuingia ndani, hata wa kuwashia kiko. Nami siku chache kabla nikaifunga nili kitambaani, nikaikamua ndani ya pipa la chokaa, nikatia chumvi ili ishike, nikapaka kuta zote, ndani na nje, kwa brashi ya katani niliyoitengeneza mwenyewe. Pwani chokaa ya namna hiyo hukauka kabla ya chakula cha mchana.

Lakini pwani hakuna ukungu wetu. Ulishuka jioni ileile, ukakaa. Siku ya moto ilipofika ulikuwa bado umekaa, na kuta zilikuwa mbichi kana kwamba nilizipaka dakika ile.

Chokaa yenye nili ikiwa mbichi si samawati. Ni nyeusi ya buluu, hasa kama kaniki mpya inavyotoka dukani. Na kaniki kwetu ni nguo ya mfiwa, tena ndiyo nguo inayopelekwa makaburini wakati wa kuomba mvua. Haivalishwi nyumba ya mtu aliye hai.

Mama alikuja mbele, kigae mikononi, wanawake nyuma yake wakiimba. Akatokeza uani. Wimbo ukakatika.

"Mwanangu," akasema, "umeivisha nyumba msiba. Unamngoja nani afe?"

"Mama, haijakauka. Ikikauka itakuwa kama kibao."

Alitazama ukuta, akatazama makaa, akakohoa. Kisha akageuka na moto wake akarudi alikotoka.

Nyuma ya wanawake alikuwako mtani wetu, mama mmoja mnene wa ukoo ambao mababu zetu walizikana nao. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na huyu hakuwahi kuacha ruhusa yake ioze. Alijitupa chini mbele ya mlango wangu, mikono kichwani.

"Uwii! Jamani, fundi wetu! Amekufa na shahada mkononi! Nani atatusomea mhuri?"

"Mimi hapa nimesimama, wewe mwanamke!"

"Hata maiti anabisha! Leteni kuku wa mtani, nimelia vya kutosha."

Watu wakacheka, wakampa kuku wake, lakini mjomba hakucheka. Alinivuta kando.

"Moto ukirudi mara moja, tunasema ulisahau kitu. Ukirudi mara ya pili, nyumba hiyo tutafugia mbuzi. Mpwa wangu, chukua udongo mweupe, ipake upya, yaishe."

"Mjomba, udongo juu ya chokaa mbichi utabanduka wote. Ngoja ikauke."

"Na isipobadilika?"

"Itabadilika."

"Shahada yako inaujua ukungu wa huku?"

"Inaijua chokaa," nikamjibu. Akasema atangoja.

Mchana ule nilikwenda kuketi na mama katika nyumba yake ya zamani. Moshi ulikuwa mzito, macho yangu ya pwani yakawa yanatoka machozi. Alikohoa mpaka akashika nguzo. Alipopumua akasema, bila hasira, "Mimi nilikubali kile kibao."

"Ni kilekile, mama."

"Basi kijitokeze chenyewe. Mimi sina kifua cha kubeba moto mara tatu."

Niliporudi kwenye kuta zangu, nitasema ukweli, moyo haukuwa umetulia. Nili ya pipa nilikuwa nimeinunua siku nyingine, si ile ya kibao. Je, kama ilikuwa kali zaidi? Ningewasha moto ndani, kuta zingekauka. Lakini moto wangu haukuruhusiwa kuingia kabla ya moto wake. Nikafungua mlango na dirisha. Nikachukua ungo nikaanza kupepea ukuta.

Mtani akapita na mkungu wa ndizi kichwani. Akasimama. "Watu wengine hupepea wali," akasema, "huyu anapepea ukuta. Kweli elimu ni bahari!"

Niliendelea kupepea.

Ukungu uliinuka asubuhi ambayo nilikuwa nimekata tamaa ya kuuchungulia. Upepo ulitoka upande wa Matombo, mkavu, na jua likafuata. Niliketi uani juu ya pipa tupu nikiutazama ukuta wa mashariki. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu pembeni juu, chini ya nyasi za paa, pakatokea doa jepesi kama kiganja. Likapanuka. Likashuka taratibu, na mahali lilipopita weusi ulikimbia. Nilikaa bila kusogea, kama mtu aliyeketi na mgonjwa akamwona anafumbua macho. Jua lilipofika juu ya kichwa, mlima niliouona kutoka kwenye treni ulikuwa umesimama mbele yangu una mlango na dirisha.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake niliusogelea ukuta nikaupitishia kiganja; hakikuchafuka.

"He!" Sauti ya mtani ilitoka njiani. "Nyumba imevua! Jamani, aliyekufa amefufuka, na kuku wangu sirudishi!"

Yeye ndiye aliyekimbia kumwita mama. Mama hakuja na moto. Alikuja kwanza mikono mitupu, mjomba nyuma yake. Alikitoa kibao katika pindo la nguo, akakiegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua chache. Kibao hakikuonekana. Mjomba alisogea, akakitafuta kwa kidole mpaka akakigusa.

"Chokaa anaijua," akasema, akinielekezea fimbo kama shahidi.

"Ndiyo rangi ya watu walio mbali?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ngoja nikalete moto."

Jioni ile moshi wake ulipanda ukatokea kwenye tundu nililoliacha kwa ajili hiyo, mwembamba, wote nje. Nilisimama uani nikaupumua kana kwamba ni manukato.

Kipupwe kilipita bila kumlaza. Zilipokuja mvua za vuli nilikuwa kazini Morogoro, na mtu aliyeshuka na maboga akaniambia kwamba ukuta wa mama yangu upande wa upepo umekuwa mweusi tena. Niliacha kazi, nikapanda mlima kwa haraka kuliko nilivyowahi kuupanda na mizigo au bila mizigo. Nilimwona akilini akirudi nyumba yake ya zamani na kigae chake.

Nilimkuta mlangoni, anapukuchua mahindi. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa, kaniki tupu.

"Shikamoo mama. Ukuta..."

"Marahaba. Ukuta una nini?" Hakuinua hata kichwa. "Mvua ikija unavaa kaniki, mvua ikiisha unavua. Nyumba yako ina adabu kuliko wewe, unayefika umelowa hivyo. Ingia ujikaushe, moto upo."