Niliwafundisha Watoto Wangu Kihispania Bila Kujua Wanaandaliwa kwa Nani

Admin, tafadhali nifiche. Hata majina ya watoto nimebadilisha, maana watu wa hapa Eldoret wanatujua.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, naishi Kapsoya na nina duka la vitambaa mjini. Mume wangu ni mkimbiaji. Si wale mnaowaona kwa televisheni, ni pacemaker, wale wa kuwashikia wengine kasi kwenye mbio. Akiwa nchini anakaa kambini Kaptagat na kuja nyumbani wikendi, halafu kila mwaka anaenda Uhispania miezi kadhaa kushindana kwa niaba ya klabu ya huko. Tuna watoto wawili, Chela ana miaka tisa na Kibet sita.

Aliporudi safari ya mwisho aliniambia, "Mama Chela, nataka hawa watoto wajue Kihispania. Tafuta vitabu uwafundishe hapa nyumbani."

Nikacheka. Nitafundishaje lugha ambayo mimi mwenyewe siijui?

"Waanzishe tu," akasema. "Watajiendeleza."

Kusema ukweli nilifurahi. Nikazunguka maduka ya vitabu mjini. Kifaransa kiko, Kijerumani kiko, Kihispania hakuna. Nikapakua nyimbo za watoto kwa mtandao, nikachapisha picha za wanyama kwa saiba, pale duka la kompyuta, nikakata maboksi ya dukani nikaandika majina ya vitu na kuyabandika nyumba nzima: mlango puerta, meza mesa, maziwa leche. Kanisani kwetu kuna sista mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi Amerika Kusini. Huyo akanipa vitabu vyake vya hadithi na kunirekebisha matamshi. Jioni watoto wakimaliza homework tulikuwa tunakaa kwa sofa watatu, tunasoma na kuchekana. Mume wangu alidhani nawawashia video tu kisha naenda jikoni kupika. Hakujua na mimi naelewa.

Shida ilianza na simu. Wikendi akija, alikuwa anawachukua watoto mpaka ndani ya gari, pale pale nje ya nyumba, waongee na mwanamke fulani kwa video. Aliniambia ni mke wa meneja wa klabu, anawasaidia kufanya mazoezi ya lugha.

"Na mbona kwa gari?"

"Network ya ndani ni mbaya."

Network hiyo hiyo ndiyo nilikuwa natumia kupakua nyimbo zote hizo! Nikikaribia gari, anaanza kuongea Kiingereza kwa sauti kubwa. Mimi ni Mkikuyu niliyeolewa kwa Wakalenjin. Nimekaa sana na kikombe cha chai mkononi watu wakinizungumzia kwa lugha ambayo sikuwa naielewa. Hata kama hujui neno moja, unajua ni wewe unasemwa.

Jumamosi moja mchana nilikuwa naanika nguo karibu na gari na dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia yule mwanamke akisema, "Chela, tu cuarto ya está listo." Chela akamuuliza, "¿Y mamá?" Yaani, na mama je? Yule mwanamke akacheka kidogo. "Mamá, después."

Hilo la mwisho nililijua vizuri. Ni neno ninalowaambia hawa watoto wakitaka kucheza kabla ya kusoma. Baadaye.

Kesho yake baada ya misa nilimuuliza sista maana ya yale maneno ya kwanza. Akasema, "Chumba chako sasa kiko tayari." Halafu akaniangalia. "Nani ameambiwa hivyo, mama?"

Nikadanganya kwamba ni ya kitabu. Alinishika mkono na hakuuliza tena.

Jioni hiyo hiyo, kabla ya kurudi kambini, mume wangu akaleta mambo ya pasipoti za watoto, kwamba sisi wawili twende tuweke sahihi wakubaliwe kusafiri naye likizo ikifika. Nikauliza, na yangu? "Yako tutaangalia wakishazoea," akasema. Wakishazoea nini? Akatoka nje kupokea simu.

Nikamuuliza Chela polepole nikimsuka nywele. Akasema yule anti ana mbwa, na ana nyumba yenye ngazi. "Lakini Dadi alisema tusikuambie kuhusu chumba. Ni sapraizi yako, Mum."

Jumamosi iliyopita sikuvumilia. Nilifungua mlango wa gari, nikaketi, nikachukua simu mkononi mwa Kibet. Kwenye skrini kulikuwa na mwanamke wa rika langu. Nyuma yake kitanda kidogo kimetandikwa, na ukutani picha ya watoto wangu.

Nikamwambia, "Yo soy la mamá." Mimi ndiye mama yao.

Akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akaanza kuongea haraka haraka, mengi yalinipita, ila mwanzo wake niliushika: "Él me dijo que tú..." Aliniambia kwamba wewe...

Mume wangu akanipokonya simu akaizima. Na swali lake la kwanza, mbele ya watoto, lilikuwa, "Ulijifunza hii lugha lini?"

Sasa anaapa kwamba huyo ni mke wa meneja kweli, kwamba hana watoto na anapenda wetu, kwamba nimeharibu bahati ya familia. Mama mkwe amenipigia simu kutoka kijijini kwao, Plateau: "Wewe msichana, utawafungia watoto dunia kwa sababu ya wivu?" Siku ya kwenda kuweka sahihi inakaribia, na Chela ameshaanza kupanga nguo.

Wapendwa, mlio na waume wa kusafiri na mnaojua mambo ya viza, nielekezeni. Niweke sahihi au nikatae? Nikikataa na kumbe alikuwa mkweli, watoto watanichukia. Nikikubali, sijui kama watarudi. Na bado kila nikilala najiuliza, huyo mwanamke aliambiwa kwamba mimi nini? Kwamba tumeachana? Kwamba nimekubali? Ama kwamba nilikufa?