Muswada wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni mwanasheria, yuko Dodoma. Mimi ni afisa TEHAMA wa halmashauri moja mkoani Iringa. Alipopewa kazi ya kusaidia kuandika muswada wa kuilinda mifumo ya serikali dhidi ya kompyuta za kwanta, alinipigia simu akicheka.

"Dada, hata sielewi hicho kitu ni nini."

Nikamweleza huku nasonga ugali, simu nimeibana begani. Kwamba kompyuta hizo zikikomaa zitafungua siri ambazo kompyuta za leo haziwezi. Kwamba mwizi haogopi kusubiri. "Anaiba leo rekodi za wagonjwa zikiwa zimefungwa, anazitunza, siku akipata ufunguo anazisoma. Ndiyo maana lazima kufuli zibadilishwe sasa."

Baadaye nikamwona kwenye taarifa ya habari, amevaa suti ya bluu. "Anaiba leo, anatunza, akipata ufunguo anasoma," alisema. Maneno yangu. Nikazima televisheni kabla hajamaliza.

Sikukuu ilipofika tulikutana kwa mama, Iyunga. Majirani walijaa sebuleni, mama akiwaonyesha video ya ile taarifa kwenye simu yake. Kisha akanigeukia.

"Na wewe na kompyuta zako miaka yote, mbona hukuwahi kutuambia haya?"

Nikatoka uani kumenya ndizi. Mdogo wangu akanifuata.

"Dada, umenuna."

"Sijanuna."

"Umenuna. Ngoja."

Akarudi ndani, nikamsikia: "Mama, yale yote alinifundisha dada."

Mama akacheka. "Ndivyo ulivyo tangu mdogo, lazima umtetee dada yako!" Majirani wakamsifu kwa kutojivuna.

Basi hata wema wake nikauonea wivu. Nilimenya mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na alipokuja na kisu chake anisaidie, sikusogea kumpisha kwenye benchi. Akachuchumaa chini na gauni lake zuri, akamenya.

Niliporudi Iringa nilianza kukagua mifumo ya ofisi yetu, upi umefungwa kwa kufuli gani, maana kazi hiyo ilitakiwa kufanywa, muswada upite usipite. Bosi alifurahi. Akaniuliza nimejuaje kwamba jambo hili linakuja.

Jina la mdogo wangu lilikuwa mdomoni kabisa.

"Nimesoma mahali," nikasema.