Siku Walipoosha Mawe ya Dziva

Watu wa Mbirashava walipotaka kumtania Tavengwa hawakuhangaika kutafuta maneno. Ukoo wake ulikuwa umeshawatafutia. Yeye ni wa ukoo wa samaki, unaoitwa Dziva, na dziva kwa Kishona ni kidimbwi chenye kina. Sasa mtu aitwaye Kidimbwi, ambaye kazi yake ni kutunza vidimbwi vya majitaka vya mji mzima, umwongezee nini?

"Dziva, leo umevua nini?" walimuuliza sokoni huku wamebana pua.

"Nimevua cha kwako cha jana," alijibu kwa upole. "Punguza maharage."

Miaka ishirini na minane alikuwa kwenye mtambo ule. Alichokipenda zaidi ni chujio, duara pana lililojaa mawe ya ukubwa wa ngumi, na juu yake mikono minne ya bomba inayozunguka polepole ikinyunyiza majitaka. Matundu yakiziba, aliyazibua kwa spoku ya baiskeli aliyoichomeka kwenye kofia. Mawe yenyewe yalivaa ute wa kahawia, na ute huo una uhai: ndio unaokula uchafu. Mgeni akiuona hutema mate. Tavengwa aliuita mifugo yangu, na hakuwa anatania.

Maji yakitoka pale huingia kijito cha Rukore, na mwendo mfupi chini yake zimejipanga bustani za wanawake. Ya kwanza ni ya mkewe, ambaye kila mtu humwita Chihera, jina la heshima la wanawake wa ukoo wake. Sijapata kusikia mwanamume aliyemshinda Chihera yeyote kwa maneno, na Tavengwa hakuwa wa kwanza. Pampu ilipokufa na mikono ya chujio ikashikwa na kutu, akawa anaisukuma kwa mti mpaka mabega yanawaka moto, na maji yakaendelea kutoka machafu. Ikabidi amwambie mkewe kwamba yale maji si mazuri.

Chihera alishika kiuno. "Bustani hii ndiyo iliyosomesha wanao. Na kama maji ni mabaya, baba, anayeyatoa ni nani?"

Tangu siku hiyo kila mchana Chihera alimpakulia sadza, ugali wa kwao, pamoja na maharage na majani ya kovo, mboga kama sukumawiki, kutoka bustanini, na kila mchana Tavengwa alikula sadza kwa maharage, majani akayaacha yalivyo. Kesho yake yanaletwa tena. Vita hivyo vya sahani vilidumu miaka mitatu, na vilimuuma Tavengwa kuliko mabega.

Mtambo ulikuwa na kibali chekundu, rangi ya mwisho kwa ubaya. Mwaka huo ofisi ya mazingira ikachoka kuonya: mwisho wa Agosti maji yasipofika kipimo, bustani zote za Rukore zitafungwa. Hapo ndipo halmashauri ilipozinduka. Ikaletwa pampu mpya, mikono ikawekwa beringi, matope ya miaka yakazolewa. Ute ukarudi kwenye mawe, kwanza kama vumbi, kisha ukanona. Kufikia Juni Tavengwa alichota maji kwenye chupa ya jemu, akaiinua juani, akakiona kidole chake upande wa pili. Alikiangalia kidole kile kama hajawahi kuwa nacho.

Kisha akafiwa na kaka yake, akaenda kuzika. Siku tano tu.

Katibu wa mji, Bwana Matambanadzo, anaamini kwamba cha kwanza mgeni anachokiona ni mawe. Kila ofisi yake ina mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili za njia. Aliposikia maofisa wa mazingira watapita kutazama, akaagiza mtambo wote ung'ae. Jairosi, dereva wa trekta, akaenda na vijana, na kwa kuwa agizo halikutaja mawe gani, wakafanya yote. Wakayafukua mawe ya chujio, wakayasugua kwa klorini, wakayarudisha, na ya juu wakayapaka chokaa.

Tavengwa alirudi akakuta chujio jeupe. Jairosi alikuwa mtani wake wa kurithi, mwenye haki ya kumtukana hata msibani, naye alimngoja langoni anacheka.

"Dziva! Tumekuogeshea mifugo!"

Tavengwa aliokota jiwe moja, akalipitisha kidole, akakaa chini.

"Mtani, mbona hunitukani?" Jairosi aliuliza, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Katibu alipofika akataka shukrani. "Yalikuwa yananuka, Mzee Dziva."

"Yalikuwa yanafanya kazi, Bwana Katibu. Mmeyaua."

"Jiwe linakufaje, mzee wangu?"

Zilibaki wiki sita, na baridi ya Julai ilikuwa kali; ute usingeota peke yake. Chupa ya jemu ilirudi kuwa na maji ya ukungu. Tavengwa aliingia nyumbani akamweleza mkewe yote, kwamba bustani yake itafungwa na kwamba hajui la kufanya. Hakuona haya kulia, na mimi simlaumu.

Chihera alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko cha hasira.

"Kwa hiyo wameosha kibuyu kwa sabuni."

"Kibuyu gani?"

"Wewe mwanamume! Kibuyu cha maziwa kikioshwa kwa sabuni, maziwa hayagandi. Mtu hufanya nini? Huenda kwa jirani akaomba mtindi kidogo wa kuanzia. Jirani yako ni nani?"

Jirani alikuwa mji wa Chitengu, wenye chujio kama lile. Asubuhi Jairosi aliwasha trekta bila kuambiwa mara mbili. Mlinzi wa Chitengu alipoelezwa haja yao aliwaita wenzake waje kusikia.

"Nimefukuza wezi wa nyaya, wezi wa pampu," alisema. "Wa kuja kuomba uchafu ndio nyinyi."

"Tupe ule mzito," Tavengwa alimjibu. "Mwembamba tunao."

Walirudi na magunia arobaini ya mawe yenye ute, yamefunikwa yasikauke, Jairosi ameziba pua kwa kofia njia nzima na kulalamika kwamba anastahili mke wa pili. Wakayapanga katikati ya yale yaliyosuguliwa, moja hapa, moja pale. Kwa wiki mbili hapakuonekana kitu. Wiki ya tatu vikaja vijinzi vidogo vinavyopenda chujio lenye ute hai, vikamwingia Tavengwa masikioni, naye akavikaribisha kama wakwe.

Maofisa walichukua sampuli siku ya mwisho ya Agosti. Majibu yalikuja Jumamosi ya pili ya Septemba: maji yamefika kipimo, kibali kimetoka nyekundu kwenda njano, bustani zisiguswe. Bwana Matambanadzo aliita watu, akahutubia, akaushukuru usafi. Tavengwa alipiga makofi pamoja na wengine.

Kesho yake mchana Chihera alimwekea sahani, akageuka kwenda zake. Sadza na maharage. Jana yake aliposikia habari alikuwa ameamua kumsamehe na kumaliza vita vya sahani, kwa hiyo majani hakuyaweka.

"Chihera, mboga yangu iko wapi?"

Akasimama. "Mboga yako? Tangu lini?"

"Nimekuuliza iko wapi."

Alishika kisu akatoka kwenda bustanini, na majirani watakwambia alikuwa anakimbia. Aliyapika majani mbele yake kwa nyanya na kitunguu, akampakulia, akakaa mkekani kumtazama. Tavengwa alifinyanga tonge, akachota majani, akala. Akala tena.

"Miaka mitatu," Chihera alisema, "nilidhani unanionea kinyaa mimi."

"Nilikuwa naona haya, mama. Anayeyatoa maji yale ni mimi."

Chihera akanawa, akasogea, wakala sahani moja.