Ruta ya Pili Nyumbani kwa Mama

Asubuhi hiyo nilimpelekea mama sukari, nikakuta nyayo za tembo zimezunguka nyumba yake. Zilitokea kwenye mihogo, zikapita chini ya dirisha la chumba anacholala, zikateremka bondeni. Mama alikuwa anafagia uwanja, anazifagia na hizo nyayo kama anavyofagia majani ya mikorosho.

"Walikuja," aliniambia. "Nilikaa kwenye kona nikanyamaza."

"Mbona hukunipigia?"

"Ningepigaje, mwanangu? Huku chini simu ni tochi tu."

Alisema kweli. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kilimarondo, na nyumba yangu iko mwinukoni. Nina ruta inayotumia laini ya simu, nimeiunganisha na antena iliyofungwa juu ya mlingoti, ndiyo maana napata mtandao. Nyumba ya mama iko chini, ng'ambo ya mikorosho yetu, na huko hakuna kitu. Nilimwomba ahamie kwangu. Alikataa. Ile nyumba aliijenga na marehemu baba, akasema hawezi kuwaachia wanyama.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kushtuka. Darasani, kiti kikiburuzwa kwenye sakafu, moyo unaruka. Jioni nilisimama barazani nikitazama bati la nyumba ya mama hadi giza lilifiche.

Nikampigia kaka yangu, fundi wa simu Ruangwa mjini. Alikuja na pikipiki, ruta nyingine imo ndani ya begi. Kwanza aliiweka nyumbani kwa mama, akaitaka idake waifai ya kwangu na kuirusha tena. Haikusaidia. Mawimbi yalifika kwa mama yamechoka, na ruta haiwezi kugawa kisichoifikia. Katikati, penye mikorosho, hakuna umeme wa kuiwashia.

"Basi tunavuta waya," akasema.

Tulichimba mfereji mwembamba kutoka kwangu mpaka kwa mama, tukalaza waya ndani ya bomba la plastiki usiguswe na panya wala jembe. Ruta ya pili akaifunga ukutani, inakula umeme wa betri ya sola ya mama. Akanieleza alichofanya: ruta ya juu peke yake ndiyo inayozipa simu anwani za kuingilia mtandaoni, ya chini ameizuia kufanya hivyo, maana zikigawa zote mbili simu zinachanganyikiwa. Jina la waifai na nywila akaziweka zilezile, ili simu ya mama ihame yenyewe anapotembea kati ya nyumba na nyumba.

"Ila simu nyingine zina ubishi," alinionya. "Zinang'ang'ania ruta ya mbali hata ya karibu ikiwepo. Ikitokea hivyo, mwambie mama azime waifai ya simu, awashe tena."

Mama alinipigia kwa picha siku hiyohiyo. Niliona paji la uso na nusu ya kilemba. Alicheka sana. Mimi nililia kidogo, nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Baada ya muda, siku moja ambayo hatukuwa na shule, mama alikuja kwangu tukala mchana pamoja, kisha akarudi kwake. Jua lilikuwa limeanza kulala nilipokuwa nasahihisha madaftari, simu ikaita.

"Wako nyuma ya jiko," mama alinong'ona. "Mkubwa na mto..."

Sauti ikakatika. Ikarudi vipande vipande, kama mtu anayeongea huku anazama, ikapotea kabisa. Nikapiga. Kimya. Nikapiga tena. Nilituma ujumbe kwenye kundi la kijiji: tembo wapo kwa mama, njooni. Halafu nikatoka barazani.

Mkorosho mmoja ulikuwa unatikisika na hakukuwa na upepo. Chini yake, kwenye njia yenyewe ya kwenda kwa mama, alisimama tembo wa tatu. Masikio yake yalifunguka. Nikajishikilia kwenye nguzo. Nilitaka kukimbia kwenda kwa mama na nilitaka kukimbia kumkimbia yule mnyama, nikabaki nimesimama. Nadhani nilikuwa nasali, lakini maneno siyakumbuki.

Ndipo nikafikiri: simu ya mama bado imeng'ang'ania ruta yangu. Alitoka nayo hapa mchana. Imeshika uzi mwembamba wa huku juu, wakati ruta nzima iko ukutani pale alipo. Lakini nitamwambiaje azime na kuwasha, na sauti haimfikii?

Nyuma ya ruta yangu kuna kitufe kinachozima waifai peke yake, bila kukata mtandao unaokwenda kwenye waya. Nikikibonyeza, simu ya mama itaachwa hewani, itabidi itafute ruta ya karibu. Lakini na mimi nitakuwa nimejikata. Wanakijiji hawatanipata, mama hatanipata. Na kama nimefikiri vibaya, hata ule uzi mwembamba nitakuwa nimeukata kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikaingia ndani, nikabonyeza. Taa ikazimika.

Sijui nilingoja kwa muda gani. Nilisikia mti ukivunjika kule chini, sauti kavu, nikadhani ni mlango wa mama. Nikaziba mdomo kwa kanga. Kisha nikabonyeza tena, taa ikarudi, nikaishika simu kwa mikono miwili kama kitu cha moto.

Ikaita.

"Mwanangu." Sauti ilikuwa safi, namsikia hadi pumzi. "Anabomoa jiko."

"Mama, usitoke. Usiwashe moto. Mahindi yako wapi?"

"Chumba cha mbele."

"Nenda cha nyuma, kaa mbali na mahindi. Wananusa hayo."

Nilisikia miguu yake ikiburuza, kisha udongo ukianguka, sufuria zikigongana, na pumzi nzito isiyokuwa ya mama. Nikaendelea kuongea naye polepole, chochote kilichonijia, majina ya watoto wa darasani kwangu, kanisani Jumapili nani aliimba vibaya. Nilikuwa namsikia akipumua, hiyo ilinitosha.

Wanakijiji walitokea upande wa barabara wakipiga madebe, wengine wamebeba kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili, kinafuka moshi mkali wa kuwafukuzia. Yule wa njiani ndiye aliyegeuka kwanza. Wakateremka bondeni wote watatu, mtoto katikati, na mikorosho ikatulia.

Nilikimbia bila viatu. Mama alikuwa ameshatoka, amesimama mbele ya kilichokuwa jiko lake, ameshika sufuria iliyobonyea. Nikamkumbatia, naye akawa anatetemeka mwili mzima. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona mama anatetemeka.

"Nilidhani umeniacha," alisema kwa Kimwera. "Simu ilipokufa, nilidhani umeniacha."

Nikamweleza habari ya kitufe. Sijui kama alielewa. Alinishika mkono tukapanda kwangu, akalala kitandani kwangu, mimi chini kwenye mkeka.

Alikaa nami mpaka kaka alipokuja kujenga jiko la matofali. Siku hiyohiyo mama akafunga nguo zake, akarudi kwake. Nilimsindikiza hadi mlangoni, nikaichukua simu yake, nikazima waifai na kuwasha, akinitazama. Nikamfundisha kufanya hivyo kila anapofika nyumbani, kabla hajavua hata viatu. Anafanya. Mimi bado naogopa.