Sinia lililomsubiri Kirit

Jina lake bado liko juu kabisa kwenye simu yangu. Jana nimelibonyeza mara mbili kabla ya kukumbuka. Kirit hayupo. Moyo ulisimama juzi alfajiri, nyumbani kwake Tudor. Mtu aliyekuwa akipanda ngazi za ghorofa bila kushika ukuta!

Wengi mnaonifuata hapa hamkumjua, kwa hivyo nitaeleza kwa utaratibu.

Tulikutana miaka ya tisini katika ofisi moja ya clearing, ya kutoa mizigo bandarini, kule Kilindini. Meza zetu zilitazamana. Mimi Mwislamu wa Kibokoni, yeye Mhindu ambaye tangu kuzaliwa hakuonja nyama, samaki wala yai.

Saa ya lunch alifungua dabba lake, kile chombo cha chakula cha ghorofa tatu: chapati nyembamba, dengu, mboga. Jamaa wa ofisini hawakumwacha ale kwa raha.

"Kirit, leo umekula mbuzi?"

"Nimekula alichokula mbuzi."

Alisema mama yake alimfunza hivi: kinachokukimbia ukishika kisu hakitaki kuliwa, na wewe huna haki ya kukiumiza. Bakari, dereva wetu, akaruka: "Na chaza je? Chaza kakwama mwambani na gome lake, hakimbii!"

"Chaza hufunga mlango, Bakari. Amekwisha kukujibu."

Sababu ya pili alinipa siku nyingine, tukiwa wawili. Kwao chakula huwekwa kwanza kidogo mbele ya Mungu, katika pembe ya maombi, ndipo watu wale. "Kitu nisichoweza kumwekea Mungu, nitakilaje mimi?"

Kwenye harusi zetu alikuja, akapeana mikono, akaondoka kabla ya chakula. Na nyinyi mnajua pilau yetu: sinia moja, watu watano, kila mtu na upande wake. Anayekula kando huonekana amejitenga. Basi watu wakasema Kirit ana maringo. Haikuwa maringo. Aliondoka ili asitutie taabu.

Nilipooa mimi, nikaamua Kirit atakula. Si kando, si kwa dabba lake. Kwenye sinia langu, la bwana harusi.

Mapishi yalisimamiwa na Ami, ndugu mdogo wa marehemu baba. Nikamweleza: sufuria mpya, mwiko wake peke yake, mboga tupu.

"Niachie mimi, mwanangu."

Siku ikafika. Tumeketi majamvini kichochoroni, watu tele. Ami mwenyewe akaleta sinia letu, jasho linamtiririka, furaha usoni.

"Kirit, hii yako! Nyama sikutia hata chembe. Nimetia supu yake tu, ipate ladha."

Mkono wa Kirit ulikuwa umeshafika kwenye wali. Ukasimama.

Majamvi ya jirani yakageuka kututazama. Akila, anavunja alichokishika maisha yake yote. Asipokula, anamwaibisha mzee mbele ya mtaa mzima, na yale maneno ya maringo yatapata ushahidi.

Akaurudisha mkono, akauweka kifuani. "Ami, umenipikia kwa mkono wako, nakushukuru sana. Lakini hii siwezi. Nipe ndizi, na sitoki hapa mpaka mwisho."

Uso wa Ami ukasawijika. "Supu tu, jamani! Supu si nyama!"

Nikamvuta kanzu, nikamnong'oneza: "Ami, mtu akupikie wali kwa supu ya nguruwe, akwambie nguruwe mwenyewe hayumo..."

"Astaghfirullah!" Akaruka nyuma. "Mbona hukunambia hivyo tangu mwanzo?"

Akaliondoa sinia na kutangaza kwa sauti: "Hapa haliliwi tonge mpaka mgeni wangu apate chake!" Wenzetu wa majamvi mengine wakala. Sisi watano tukakaa, mikono mapajani. Bwana harusi mzima, na njaa yangu!

Ami akasimama chini ya dirisha la wanawake, akaita: "Humo ndani kuna nini kisicho na nyama, samaki wala yai?"

Bibi yangu, mama yake Ami, akachungulia. "Kuna mbaazi za nazi na mahamri ya asubuhi. Lakini hicho ni chakula cha chai, utampaje mgeni wa harusi?"

Kirit, kwa adabu zake zote, akauliza kama mafuta ya mahamri yamewahi kukaanga samaki.

"Mwambieni mafuta yangu ya mahamri hayajui samaki! Mimi si mwehu!"

Kichochoro kizima kikacheka. Mbaazi zikaja kwenye sinia, na Ami akaketi nasi, akawa wa sita. Akamega hamri, akachovya, akatikisa kichwa.

"Kumbe kila asubuhi sote humu ni Mabanyani, na hatujijui!"

Kirit alicheka mpaka tui likamtokea puani.

Nimefungua diary yangu ya siku ile. Nimeandika mistari miwili tu: Ndoa imepita salama. Kirit amekula.

Toka hapo hakuondoka tena kabla ya sinia. Wanawake wa Kibokoni waliweka sufuria ya mbaazi bila kuambiwa, na Bakari, yule wa chaza, alikuwa wa kwanza kugombea nafasi kando yake. Hakuna aliyebadilisha dini ya mwenzake. Tulijifunza tu kuulizana kabla ya kupakua.

Kwao nyumba ikifiwa, jiko haliwashwi. Majirani ndio hupika. Jana mke wangu amepika mbaazi na mahamri, nikapeleka Tudor. Aliyefungua mlango ni Hansa, mke wake. Huyu Hansa, miaka yote niliyomjua, hali kitu cha nje mpaka akuulize mwiko, sufuria, mafuta, kila kitu.

Akapokea. Akafunua. Akamega hamri pale pale mlangoni, akala.

Hakuuliza kitu.

Lala kwa amani, Kirit bhai, ndugu yangu. Mafuta yalikuwa mapya.